Toroli Mchangani

Toroli lilipokwama kwenye mchanga wa mto, Ruvarashe alilia. Alikuwa amelia hapo hapo Jumatatu, na Jumatano pia.

"Hapo!" Mwalimu Gwatidzo aligonga meza. "Hapo usipaharakishe. Waache wasaili walisikie lile toroli."

Mwalimu Gwatidzo ndiye aliyekuwa mshauri wa masomo na kazi pale shuleni Shurugwi. Ofisi yake ilikuwa stoo ya zamani ya majembe, kuta zimejaa picha za vyuo ambavyo yeye mwenyewe hakuwahi kuvikanyaga. Safari hii alikuwa na nafasi ya kweli mkononi: mfuko wa ufadhili ungemsomesha udaktari msichana mmoja tu wa mkoa mzima, kuanzia ada mpaka sahani ya sadza, ugali wa huko. Ruvarashe aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote duniani.

"Alama nzuri wanazo wengi," mwalimu alikuwa amemwambia siku ya kwanza. "Watakuuliza kwa nini udaktari. Utajibu nini?"

"Napenda sayansi, mwalimu."

"Hata fundi redio anapenda sayansi! Nenda kafikiri, binti."

Kesho yake alirudi na hadithi ya toroli. Akasimulia jinsi alivyomlaza mama yake ndani yake kwa kuwa hakukuwa na gari, jinsi zahanati ilivyokuwa ng'ambo ya mto, jinsi gurudumu lilivyozama mchangani, na mama akasema, "Pumzika kidogo, mwanangu, utachoka." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Mwalimu Gwatidzo, ambaye si mtu wa kulialia, alivua miwani akajifanya anaifuta.

"Na siku ya usaili nani atakusindikiza Gweru?"

"Hakuna mtu, mwalimu. Nitakwenda peke yangu."

"Pole, binti yangu."

Siku yenyewe ilipofika, aliondoka nyumbani haraka haraka, kiazi kitamu cha moto mkononi, hata koti la shule likabaki msumarini. Juni hiyo baridi ilikuwa ya kukata masikio. Alikaa kwenye benchi nje ya chumba cha usaili akitetemeka, akinong'ona maneno yake, ndipo alipoinua uso akamwona Chenai.

Chenai! Walikaa dawati moja tangu darasa la kwanza, pete na chanda, mpaka miaka miwili nyuma Chenai alipohamia kwa bibi yake, mji wa Zvishavane. Walikumbatiana wakarukaruka kama watoto.

"Na wewe udaktari?" Ruvarashe aliuliza.

"Na mimi. Umekonda, we! Hamli huko Shurugwi?"

"Tunakula, ila mitihani nayo inatula sisi."

Wakacheka. Kisha Chenai akaitwa ndani, na mlango wenyewe ulikuwa haufungi vizuri.

Ruvarashe alisikia kila kitu. Alisikia toroli. Alisikia mto, gurudumu, mchanga. Alisikia "Pumzika kidogo, mwanangu, utachoka," tena kwa sauti kavu, bila chozi, kana kwamba mtu anasoma bei za dukani.

Damu ilimchemka. Kati yao wawili hadithi ile ilikuwa imesimuliwa mara moja tu, wakimenya karanga nyuma ya jiko la shule, siku ya mwisho kabla Chenai hajahama. Siri ya watu wawili, na mmoja ameibeba kuja kuiuza hapa! Mazoezi yote yale, machozi yote yale, halafu shoga wa utotoni anakuzunguka mchana kweupe. Hakuna mtu aliyewahi kumuumiza namna hiyo.

Chenai alipotoka, Ruvarashe alimzibia njia.

"Msaliti wee! Kumbe unanikumbatia huku umekuja kunimaliza?"

"Ruva, unasema nini?"

"Usijifanye hujui! Kwani ungesema jambo jingine ungekufa?"

Chenai alinyoosha mkono amshike. Kabla hajajibu, jina la Ruvarashe likaitwa.

Hakusubiri hata kuketi. "Huyo aliyetoka ni mwongo," aliwaambia wasaili watatu. "Lile toroli ni langu. Mimi ndiye niliyelisukuma."

Akasimulia yote, vizuri kuliko siku zote, na alipofika mchangani akatoa machozi ya kweli, kwa sababu safari hii alikuwa ameumia kweli. Msaili mmoja, mama wa makamo, alijipangusa macho. Mwenyekiti, mzee wa suti nyeusi, aliagiza Chenai arudishwe ndani.

"Umesikia anavyosema mwenzako. Una la kujibu?"

Chenai alimgeukia Ruvarashe. Machozi ambayo hayakumtoka mwanzo sasa yalimtiririka, akainamisha kichwa. Ruvarashe alimwangalia bila huruma hata chembe.

"Kumlilia mama wa mwenzio ili upate chuo," mwenyekiti alisema, akitikisa kichwa. "Binti, huoni aibu?"

Mlango ukabishwa. Mwanamke mmoja alichungulia, anahema, koti la shule mkononi.

"Samahani sana wakubwa zangu, mimi ni mama yake Ruva. Ruva, najua ulinikataza nisije, lakini baridi hii, mwanangu!" Kisha akamwona yule msichana mwingine, akamfungulia mikono. "Jamani, Chenai! Ulivyokua! Hatujaonana tangu tulipomzika mama yako."