Jani la Kujipimia Homa

Alikuwako Paa aliyempenda mwanawe na kuwashuku wakubwa. Baraza lilipokataza jani alilouza Kima la kujipimia homa nyumbani, alisema, "Wanataka tukawapigie magoti tu."

Akajipima, jani likawa jekundu. Akiogopa kumwambukiza mwanawe, alimwacha kwa shangazi, akahamia ng'ambo ya mto. Kila asubuhi alimsikia akiita, akajizuia kuitika.

Siku sauti ile ilipokoma, alishindwa kuvumilia, akaenda kwa Nungunungu, mpimaji wa Baraza. Nungunungu akampima kwa njia yake, kisha akachovya jani jipya la Kima katika maji matupu, nalo likawa jekundu.

"Huna homa, dada. Hukuwa nayo kamwe."

Paa akavuka mto mbio. Mwanawe, ambaye sasa alikuwa na pembe, akamwamkia kwa adabu.

"Shikamoo, mama. Unamtafuta nani?"