Chupa Tano za Mtihani

Saa kumi na mbili asubuhi, Mwalimu Semisi alimwaga mtihani wote kwenye sinki. Chupa tano, moja baada ya nyingine. Akazisuuza, akazijaza maji matupu, akazirudisha mezani na vibandiko vyake, kama vile hapakutokea kitu.

Usiku kucha chupa hizo zilikuwa na zinki na nitrati. Wanafunzi watano walitakiwa kupima hatua kwa hatua mpaka wazitaje ayoni zilizofichwa humo. Mshindi angepata nafasi ya kwenda kusoma New Zealand, na nafasi ilikuwa moja tu kwa kisiwa kizima.

Tatizo ni kwamba majibu yalikuwa yakivuja. Mara mbili Semisi aliokota sakafuni kikaratasi chenye majibu, herufi kubwakubwa, hakina jina. Hakuona haja ya mpiga ramli. Mama yake Lesieli ndiye aliyekuwa akifagia maabara, funguo zote alikuwa nazo, hata ya kabati lenye makopo ya kemikali za mtihani, na Lesieli ndiye aliyewaongoza wanafunzi wenzake kila mara.

"Atakayeandika zinki leo ndiye mwizi," alimwambia Mama Finau, mkuu wa shule. "Na anafukuzwa, hata awe nani."

"Na karatasi yako ya majibu iko wapi?"

"Chini ya mto wangu." Semisi alicheka. Tonga nzima kichwa cha mwenye nyumba ni mwiko; nani angethubutu kutia mkono pale anapokilaza?

Saa mbili wakaingia. Maka, kijana mrefu wa meza ya dirishani, alimtazama mwalimu kwa wasiwasi.

"Mwalimu, leo hukunywa chai. Utaanguka."

"Chai yangu inakuhusu nini? Washa gesi yako."

Semisi akasimama nyuma ya Lesieli na hakubanduka. Msichana alidondosha amonia, akatikisa, akatazama. Akadondosha tena.

"Mwalimu, naomba neli nyingine ya kupimia."

"Ya nne hiyo! Unapima au unaosha vyombo?"

Wenzake wakacheka. Lesieli akainamisha kichwa, machozi yakimlenga. Semisi hakumwonea huruma hata chembe. Za mwizi ni arobaini, alijisemea, na leo zimetimia.

Muda ulipokwisha, Mama Finau alizikusanya karatasi, wakaingia ofisini kwake. Semisi aliishiwa subira.

"Anza na ya Lesieli."

Mama Finau akavaa miwani. "'Sikuona ayoni yoyote. Nimerudia mara nne. Nadhani ni maji. Nisameheni kama nimekosea.'"

Aibu ilimpanda Semisi mpaka masikioni. Miezi yote hii alikuwa amemtesa mtoto wa watu kwa sababu ya ufagio wa mama yake.

Karatasi tatu zilizofuata nazo hazikuwa na kitu. Mmoja alijiuliza kama macho yake ni mazima, mwingine aliomba arudie mtihani.

Ikabaki moja. Mama Finau akaisoma polepole. "'Mashapo meupe, yakayeyuka nilipozidisha amonia. Zinki. Kisha pete ya kahawia. Nitrati.'"

Semisi akapiga meza kwa kiganja. "Pete ya kahawia! Kwenye maji ya kunywa! Mwongo mkubwa huyu!"

"Semisi."

"Kaniponza nikamwonea binti wa watu! Lisome jina, Mama. Aondoke leo hii, na Jumapili atangazwe kanisani, wazazi wake wasikie walivyolea!"

Mama Finau alivua miwani. Hakulisoma jina. Aliikunja karatasi mara mbili, akamtilia mkononi.

"Nenda nayo nyumbani," alisema. "Mama yake Maka ana haki ya kulisikia kwanza kutoka kwa mumewe."