Kandambili ya Kushoto

Baiskeli yangu mwenyewe ndiyo iliyonichongea. Breki ya nyuma ilikwisha, nikakata kipande cha kandambili yangu ya kushoto, nikakifunga kwa mpira wa tyubu. Ikashika vizuri kuliko mpya. Kufika kisimani tu, baiskeli ikajifunga magurudumu na kukiarifu kiwanda kilichoiunda kwamba nimeitengeneza mwenyewe.

Kesho yake akaja mkaguzi wa kiwanda. Baiskeli hakuigusa. Alipita chumba kwa chumba akikusanya kandambili zetu, hata zile za chooni.

"Hizi sasa ni vipuri, mama," alisema. "Kitu kikishafanya kazi ya breki, ni mali ya kiwanda."

"Wazo ni langu mimi Nyamizi."

"Na kiwanda kinakushukuru."

Nilimwambia shukrani hizo akapikie uji. Akabeba gunia lake, akaenda.

Leo mama mkwe ameteleza chooni, pekupeku, akavunjika mkono. Nimemfunga kwa mwiko na kipande cha kanga, tukatembea kilomita sita hadi zahanati.

Muuguzi ameutazama ule mkono, akatoa simu apige picha.

"Kazi safi. Nani kamfunga?"

Mwiko ninao huo mmoja.

"Sijui," nikasema, meno nimeyauma. "Nilimkuta hivyo."