Kibao cha Kitongoji

Hamdani, karani wa halmashauri, alifika kwa pikipiki, jembe begani. Alitumwa kung'oa kibao chenye jina la kitongoji, maana bahari ilikwisha kula nyumba zote ikabakiza moja, na kitongoji cha nyumba moja halmashauri haikitambui.

Palipoonyeshwa kwenye ramani palikuwa maji matupu. Kibao alikikuta hatua arobaini juu zaidi, mlangoni pa nyumba hiyo moja, kwa Bi Mwatumu, kimepakwa rangi upya.

"Shikamoo, bibi. Nani amekihamisha?"

"Marahaba, mwanangu. Ni mimi. Maji yakikisogelea nakichimbua kwa kifuu cha nazi, najitwika, nakipandisha. Hii mara ya tano." Akapangusa herufi kwa ncha ya kanga. "Wenzangu wamehamia mbali. Siku wakija kunizuru, watajuaje kwamba wamefika?"

Hamdani akapima ardhi kwa macho. Kutoka kwenye nguzo ya kibao hadi ukingo uliomeguka zilibaki hatua tatu. Akainua jembe, na Bi Mwatumu akageuza uso.

Nguzo ilipotoka, Hamdani hakuipeleka kwenye pikipiki. Aliibeba hadi kwenye mwinuko nyuma ya nyumba, akaanza kuchimba shimo. Bibi akamfuata taratibu, akasimama kumtazama. Shimo lilipofika magotini, akamgusa bega.

"Basi, mwanangu, linatosha. Ukizidisha, mwakani nitashindwa kukitoa."

Hamdani akakisimamisha kibao, akashindilia mchanga kwa mguu, kidogo tu. Jembe aliliacha limeegemea ukuta wa bibi.