Bakuli Kwenye Kiti cha Mama Mkwe

Bakuli la maji lilikuwa limekaa kwenye kiti cha mbele, limefungwa mkanda kama abiria. Maji yalijaa hadi ukingoni. Dereva mstaafu alilikagua mara ya mwisho, kisha akawasha gari.

"Mzee, na huyu analipa nauli?" aliuliza fundi wa matairi kutoka kiti cha nyuma.

"Huyu ni mama mkwe wangu. Kaa kimya."

Walitoka karakana, wakapita polepole kwenye mashimo yaliyo mbele ya ghala la mbao, wakageuza. Waliporudi, kiti kilikuwa chepechepe, na maji yaliyobaki hayakutosha hata kunawa uso.

"Umeona mwenyewe," alisema dereva. "Miaka thelathini na moja nimeendesha basi la shule. Watoto walikunywa maziwa humo ndani, na wakashuka na sare safi. Leo mama mkwe anasema nambeba kama gunia la viazi."

Neno hilo la gunia lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba. Kila mwisho wa mwezi alikwenda kumchukua mama mkwe, kilomita arobaini za mawe na makorongo, aje kumwona binti yake. Bibi alikuwa akifika ameshika kiuno kwa mikono miwili, analala usiku mmoja, na kunapokucha anaomba arudishwe kwake akajikande. Safari iliyopita alishuka garini, akajinyoosha kwa shida, akasema mbele ya majirani wote, "Baba, mwezi ujao nitakuja kwa miguu."

Majirani walicheka. Dereva hakulala siku mbili.

Na leo ndiyo ilikuwa siku ya kumfuata tena.

Walishuka wote wawili, na fundi akagonga gurudumu kwa spana. "Kosa si lako, mzee. Ni hizi rimu. Rimu kubwa, tairi jembamba kama mkanda wa suruali. Gurudumu likiingia shimoni, shimo linampiga bibi moja kwa moja. Nikufungie rimu ndogo, tairi nene. Kwa nje kimo ni kilekile, lakini kati ya chuma na barabara unapata mto wa upepo."

"Hilo nalijua. Tatizo ni mama watoto. Hizi alizichagua yeye."

"Nakumbuka. Alisimama hapohapo ulipo. Nikamwambia, mama, hizi zinang'aa lakini ni ngumu, zitawaumiza migongo. Akasema, hizohizo."

"Kipendacho roho," alisema dereva, akitikisa kichwa. "Na si rimu tu. Kila nikitaka kwenda kwa mama yake, lazima aniulize habari za upepo. Hata leo asubuhi: 'Baba watoto, ongeza upepo kidogo, matairi yakaze, safari ni ndefu.' Gari hili analipenda kuliko anavyonipenda mimi."

"Basi chagua mmoja. Mke au mkwe."

Dereva alizitazama zile rimu zikimeta juani. Mke akinuna, alijiambia, ananuna wiki moja, halafu chumvi inarudi kwenye chakula. Mkwe akinuna, kinaitwa kikao cha ukoo mzima. Tena si ukoo tu. Ni jina lake, jina la mtu ambaye hajawahi kumwaga hata kikombe cha maziwa.

"Funga ndogo," alisema.

Fundi alipiga jeki, akafungua nati, akafunga magurudumu manne mapya: meusi, manene, yasiyo na mvuto hata kidogo. Wakajaza bakuli upya, wakarudi kwenye mashimo yaleyale. Maji yalitikisika, yakauzunguka ukingo kama yanayotafuta mlango, yakatulia. Halikumwagika hata tone.

"Mkweo amelala," alinong'ona fundi.

Akakausha kiti, akatandika taulo. Dereva akaondoka.

Mama mkwe aliingia garini amenuna, na mto ameukumbatia kifuani. Kilomita ya kumi akaushusha mapajani. Ya ishirini akaweka kichwa juu yake. Walipofika nyumbani, ilibidi aamshwe.

"Tumefika?" aliuliza, akipapasa kiuno chake kama mtu aliyepoteza kitu. Akashuka wima. Akasema kwa sauti ya kuvuka ua, "Baba, wewe ni dereva. Mwenye kubisha aje kwangu."

Majirani walisikia. Dereva alihesabu vichwa vitano dirishani.

"Nilikuwa nakimbilia kurudi kwa ajili ya mgongo tu," aliendelea bibi, akielekea jikoni. "Sasa nitakaa mpaka mwezi ujao uishe. Na baada ya hapo, niwe nakuja kila wiki. Njia si imekuwa laini?" Kisha sauti yake ikatokea ndani, ikifuatana na mlio wa mifuniko. "Mwanangu, nani alikufundisha kupanga sufuria namna hii?"

Muda si mrefu mke alitoka nje, kitambaa cha vyombo begani. Aliyatazama magurudumu meusi, moja baada ya jingine, akalizunguka gari zima. Dereva alikuwa ameiandaa hotuba yake tangu karakana.

"Mama watoto, najua hayang'ai. Najua ulizipenda zile. Lakini urembo bila..."

Mke aliinua mkono. Huko jikoni kabati lilikuwa linasukumwa kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine.

"Baba watoto," alisema polepole, "miaka yote hii ulidhani zile rimu nilizichagua kwa kung'aa?"