Mahakama ya Kitanda Namba Saba

Mahakama Kuu ya Kitanda Namba Saba iliketi saa nane kamili mchana, mbele ya Mheshimiwa Jaji, mwenye umri wa miaka minane, pijama ya sungura na mapengo mawili.

Jaji hakuwa na sauti. Alizaliwa na tundu moyoni. Baada ya upasuaji wa pili mapafu yalichoka, akawekewa bomba la kupumulia shingoni. Likizibwa, anaongea mpaka wodi inaomba amani. Likiwa wazi, anaandika ubaoni kwa chaki, na kaka yake, aliyekuja likizo kutoka shule ya bweni, anasoma kwa sauti ya bungeni. Ndiye wakili, karani na askari wa mahakama. Alitazama saa yake ya mkononi kama mtu mwenye mikutano, akagonga meza ya dawa kwa kijiko.

"Kimya! Kesi ya usaliti!"

Asubuhi ile ulikuwa mtihani: bomba lizibwe kutwa nzima. Akistahimili, litolewe, arudi darasani. Akishindwa, miezi sita mingine. Mara tatu Jaji alikichomoa kizibo kwa siri, midomo imekuwa rangi ya wino, akavuta pumzi, akakirudisha. Walioona ni Mama, Bibi na kaka. Wote walikula kiapo cha kutunza siri, chenye vifungu vinne, alichokitunga kaka mwenyewe.

Saa sita daktari akaingia. "Saa tatu na dakika nane. Saa nne na ishirini. Saa tano kasoro mbili. Basi, mwanangu, mtihani umekwisha." Akakichukua kizibo, akaondoka nacho.

Sasa, mahakamani, ubao ukauliza: NANI?

Macho yote yakamwendea Bibi.

"Mdomo wangu hauna kitasa, sikatai," alisema Bibi. "Lakini mimi saa naisoma kwa njaa. Hizo dakika nane ningezijulia wapi?"

"Mheshimiwa, shahidi anachekesha mahakama!"

"Na wewe punguza makelele, wakili wa kijiko."

Mama akainua simu yake iliyozima tangu jana. "Kiapo nilikula, mwanangu, na sijakitapika."

Jaji alitazama saa ya ukutani. Mishale yake ilikuwa imelala kwenye saa kumi tangu siku alipolazwa. Akamtazama Bibi, akamtazama Mama. Machozi yalimtoka bila sauti, bomba likikoroma kidogo. Kisha akaandika polepole, akaugeuza ubao.

Wakili akasimama wima, akakohoa, akasoma kwa mbwembwe zake zote:

"Mahakama inaamuru... kaka... avue... saa."

Kijiko kikaanguka.

Nikaivua. "Ni mimi," nikasema. "Ile midomo yako, mdogo wangu..."

Jaji alikuwa ameshageukia ukutani.