Mtihani wa Kuchechemea

Ananie alivuka chumba akitembea vizuri kabisa, na Jemima akamchapa begani kwa taulo.

“Hapana vile. Unatembea sawa mutu muzima.”

“Njo mutu muzima miye,” Ananie alijitetea.

“Basi uambie majoro ile.”

Ananie akarudi ukutani, akaanza upya kuchechemea.

Hicho kilikuwa kituo cha mazoezi ya viungo, mtaani Kimemi, katika miaka ile mji wa Butembo ulipobadilisha waasi kama mtu anavyobadilisha shati, na kila kundi jipya la waasi lilikuja na mihuri yake na kudai vijana. Jemima alikuwa anajifunza kazi ya msaidizi wa kiné, mtaalamu wa mazoezi hayo. Asubuhi alijifunza kumtembeza asiyeweza kutembea. Alasiri, madirisha yakiwa yamefungwa, alijifunza kazi ya pili iliyokuwa ngumu zaidi: kumfundisha aliyepona asionekane amepona. Aliyepona alipandishwa lori na kurudishwa vitani, na malori hayo yalizoea kurudi matupu.

Ananie alikuwa mchumba wake. Askari walimkamata sokoni Musienene akiwa na gunia la viazi mgongoni. Viazi wakavila, yeye wakampa bunduki. Risasi ilimpitia pajani, na kidonda, bila aibu, kikafunga vizuri mno. Mbuzi wa mahari walikuwa tayari wanakula majani kwa baba yake Jemima. Tena Jemima alimpenda mtu huyu, hata alipochechemea vibaya namna ile, na usingizi ulikuwa umemhama kwa kuliwaza lori.

Mwalimu wa Jemima, papa Zorobabel, alishikilia kwamba mguu si kitu, kila mwongo anajua kuburuta mguu. Watu wanakamatwa wakati wa kugeuka. Kwa hiyo alibuni ufundi wake mwenyewe, ambao hakuusoma popote: shika paja, meza mate, ndipo ugeuke. Mate ndiyo yanayomaliza kazi, alisema. Anayekutazama akiona koo linapanda na kushuka, uchungu utamwingia yeye mwenyewe hadi kwenye meno.

Shida ilikuwa majoro, meja wa waasi. Alitoka Beni kukagua majeruhi, akitembelea fimbo, kwani naye aliumia mguu vitani, na tangu siku hiyo alikuwa anapigana kwa ushujaa mkubwa akiwa mezani. Ilisemekana aliyeonja maumivu ya kweli hadanganyiki. Wengi aliwafichua kwa kuwatazama tu, wakapandishwa lori, na waliowasaidia akawatupa katika shimo la wafungwa.

Jemima alimuuliza papa Zorobabel kama aliwahi kumhudumia majoro huyo.

“Yule? Ah, yule alikuwa mugonjwa wa bidii,” mzee alijibu, akaanza kukunja mashuka yaliyokwisha kukunjwa.

Na siku ya ukaguzi, kama kawaida yake kila majoro alipokuja, papa Zorobabel akashikwa na malaria. Jemima akabaki peke yake.

Majoro aliingia akiburuta mguu, askari wawili nyuma yake. Uani lori lilikuwa linanguruma. Akamwagiza Ananie aende hadi mlangoni na kurudi.

Ananie alichechemea vizuri kuliko siku zote. Alifika mlangoni, akashika paja. Lakini woga ulikuwa umemkausha kinywa, akageuka hivyo hivyo.

“Rudia,” alisema majoro.

Akarudia, kinywa kikiwa kikavu zaidi. Majoro akamsogelea, akalitazama koo lake kwa muda mrefu, kisha akamtazama Jemima. Jemima alikwisha kujiona shimoni, na Ananie juu ya lori.

“Uyu hapana tena askari,” majoro aliwaambia watu wake. “Arudie kwabo, akalime viazi.”

Askari walitoka. Ananie akakaa chini palepale, akajifunika uso kwa mikono. Majoro akawafuata watu wake polepole, fimbo ikigonga sakafu. Kwenye kizingiti akasimama. Akashika paja, koo lake likapanda na kushuka, ndipo akageuka.

“Mademoiselle,” alisema kwa sauti ya chini, “uambie papa Zorobabel uyu wa leo alisahau mate.”